Vina Vilivyopotea: Habari za Wataalamu wa Uchina na Mashairi Yao ya Kale

Mwalimu aliyepata kunakili mashairi ya zamani anaijua shida hii. Mishororo mitatu ya ubeti inaishia -to, na wa nne unaishia -cho. Mwalimu wa Unguja husema kwamba mtunzi amekosa, au aliyenakili kwanza amekosa, naye hushika kalamu apate kusahihisha. Walakini mtunzi alikuwa mtu wa Mombasa, na kwake yeye macho ni mato. Kina hakikukatika hata kidogo. Kilichogeuka ni kinywa cha msomaji, na kalamu ya mwalimu ikaribu kuharibu kazi iliyokuwa kamili.

Kwetu shida hii ni ndogo, kwa kuwa mtu wa Mombasa yupo, nasi twaweza kumwuliza. Lakini tufikiri habari za watu ambao mashairi yao makubwa kuliko yote yalitungwa zaidi ya miaka 2500 iliyopita, na ambao mwandiko wao hauandiki sauti. Hao ni Wachina. Katika makala hii twataka kueleza jinsi wataalamu wao walivyogundua ya kuwa vina vya mashairi yao vimepotea, jinsi walivyodanganyika kwanza, na jinsi walivyotafuta hata wakaviona tena. Twadhani kwamba kila mtu afundishaye lugha, au afasiriye vitabu, atapata faida katika habari hizi.

I. Kitabu chenyewe

Kitabu tunachokitaja chaitwa Shijing, yaani Kitabu cha Mashairi. Ndani yake mna mashairi 305, yaliyotungwa kati ya karne ya 11 na karne ya 6 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo. Mashairi 160 ni nyimbo za nchi mbalimbali zilizokuwa chini ya wafalme wa Zhou: nyimbo za uchumba na arusi, za mke aliyeachwa, za askari aliye mbali na kwao, za mavuno, na za kuwanung'unikia wakubwa wenye choyo. Mashairi 105 ni ya barazani kwa mfalme, na 40 ni ya ibada kwa wahenga. Mshororo kwa kawaida una maneno manne, na kwa kuwa aghalabu neno la Kichina cha kale ni silabi moja, mizani yake ni minne. Vina vimo karibu katika kila shairi.

Confucius, aliyeishi tangu 551 hata 479 kabla ya Kristo, alikiheshimu kitabu hiki sana, akawafundisha wanafunzi wake wakisome. Wengi wa zamani walisema kwamba yeye ndiye aliyeyachagua mashairi hayo katika mengi, lakini wataalamu wa siku hizi hawaisadiki sana habari hiyo. Mwaka 213 kabla ya Kristo mfalme wa Qin aliamuru vitabu vya kale vichomwe moto. Mashairi hayo yakaokoka, na wanahistoria wa enzi ya Han wanatoa sababu yake: yalikuwa yamehifadhiwa moyoni na kukaririwa kwa kinywa, si kuandikwa tu katika vibanzi vya mianzi na hariri. Basi kinywa ndicho kilichookoa kitabu. Baadaye kitabu kikawa kimoja katika vitabu vikuu vitano, na mtu aliyetaka kazi ya serikali alipaswa kukijua kwa mitihani, hata mitihani hiyo ilipokomeshwa mwaka 1905.

II. Mwandiko usiotaja sauti

Msomaji wetu ataelewa shida yao akiujua mwandiko wao. Wachina hawaandiki kwa herufi kama sisi, bali kwa alama, na kila alama ni neno au sehemu ya neno. Alama nyingi zimeunganishwa kwa vipande viwili, kimoja cha kudokeza maana na kimoja cha kudokeza sauti. Kwa mfano, alama ya mama ina kipande cha mwanamke na kipande cha farasi. Farasi hana jamaa na mama. Amewekwa kwa sababu jina lake, ma, linafanana na neno ma lenye maana ya mama, isipokuwa toni zao ni mbali.

Sasa, sauti ya neno ikigeuka katika vinywa vya watu, alama haigeuki pamoja nayo. Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou wanasoma barua moja, na kila mmoja anaitamka kwa usemi wake, hata mwenziwe asielewe asikiapo. Ndivyo ilivyo kwa nyakati pia. Mtoto wa shule alisoma alama zile zile alizosoma Confucius, akadhani kwamba anazitamka kama Confucius alivyozitamka. Hapakuwa na kitu chochote katika ukurasa cha kumwambia kwamba sivyo, isipokuwa kimoja tu, nacho ni kina.

Tuchukue shairi la kwanza kabisa la kitabu hicho. Katika ubeti mmoja maneno ya vina ni matatu, na kwa usemi wa Beijing wa leo yanatamkwa de, fu na ce. Katika ubeti mwingine ni mawili, cai na you. Mtu yeyote aweza kusikia ya kuwa fu si kina cha de, wala you si kina cha cai. Je, mtunzi wa kale hakujua kutunga? Shairi lililowekwa mbele ya mengine yote laweza kuwa bovu hivyo?

III. Njia ya kulazimisha

Shida hii ilionekana mapema. Tangu karne ya 5 na ya 6 baada ya Kristo, wafafanuzi walianza kusema kwamba mahali fulani msomaji abadili kidogo matamshi ya neno ili lipatane na wenziwe. Desturi hiyo ilikua hata ikafika upeo wake kwa Zhu Xi, aliyeishi tangu 1130 hata 1200. Zhu Xi alikuwa mtu wa elimu kubwa mno, na tangu karne ya 14 maelezo yake ya vitabu vikuu yaliamriwa katika mitihani ya serikali. Popote alipoona kina hakilingani, aliandika pembeni kwamba neno hili hapa lisomwe kwa sauti fulani, ili kupatanisha. Njia hiyo waliiita xieyin, yaani kupatanisha sauti.

Twaweza kuona kwa nini njia hiyo ilipendwa. Ni nyepesi, nayo yaleta utamu wa kina katika darasa. Lakini ina sumu ndani yake. Neno lile lile lilisomwa kwa sauti moja katika ubeti wa kwanza, na kwa sauti nyingine kabisa katika ubeti wa pili, kwa kufuata jirani yake tu. Ikiwa neno laweza kugeuzwa popote kwa haja ya kina, basi kila neno laweza kuwa kina cha kila neno, na hakuna tena kanuni ya ushairi wala ya lugha. Tena njia hii yampa mtunzi wa kale udhaifu asiokuwa nao: yeye ndiye mwenye sauti iliyopinda, na msomaji wa leo ndiye mwenye sauti iliyonyoka. Miaka 400 hivi watoto wa shule walisoma hivyo, na wachache tu walithubutu kuuliza.

IV. Chen Di, askari aliyeuliza

Mtu aliyelivunja jambo hili hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Chen Di alizaliwa mwaka 1541 katika Lianjiang, jimbo la Fujian, pwani ya kusini. Alikuwa askari, akatumikia miaka mingi kwenye mpaka wa kaskazini. Alipoacha kazi alirudi kwao, akawa mtu wa vitabu na wa safari. Mwaka 1603 alivuka bahari pamoja na jeshi la merikebu lililowafukuza maharamia, akafika kisiwa cha Taiwan, na baadaye akaandika habari za wenyeji wa huko: vijiji vyao, ndoa zao, mazishi yao, na uwindaji wao wa paa. Maandishi hayo yanahesabiwa kuwa habari ya kwanza ya desturi za watu hao iliyoandikwa na mtu aliyewaona kwa macho.

Chen Di mwenyewe anaeleza kwamba shaka yake ilitoka nyumbani. Alipokuwa mtoto alifundishwa mashairi na baba yake, na baba huyo alisema wazi kwamba hasadiki habari ya kupatanisha sauti. Mashairi ya siku za karibu, alisema, ni machache tu yanayohitaji kupatanishwa. Itakuwaje basi mashairi 300 ya kale yawe yote na haja hiyo? Mwana aliliweka neno hilo moyoni miaka mingi. Rafiki yake Jiao Hong wa Nanjing, mtaalamu mashuhuri, alikuwa na shaka iyo hiyo, na wawili hao walisaidiana. Mwaka 1606, Chen Di akiwa na miaka 65, kitabu chake juu ya sauti za kale za mashairi kikapigwa chapa.

Hoja yake ni nyepesi kueleza, lakini kabla yake hakuna aliyeisimamisha kwa nguvu hivyo. Nyakati hupita, na nchi hutengana, kwa hiyo alama hugeuka, na sauti nazo hugeuka. Sauti za leo zikitiwa katika maandishi ya kale hazina budi kugongana. Basi watunzi wa kale hawakupinda neno lolote. Waliimba kwa usemi wao wa kila siku, na kwa usemi huo vina vyao vilikuwa kamili.

Lakini Chen Di hakuridhika kusema tu. Alichukua maneno mia kadhaa ya vina, moja moja, akaleta ushahidi wa namna mbili. Kwanza ulikuja ushahidi wa kitabu chenyewe, yaani mahali pote katika Shijing ambapo neno hilo limetumiwa kuwa kina. Pili ulikuja ushahidi wa kando, kutoka vitabu vingine vya zamani zile. Alipoonyesha kwamba fu wa shairi la kwanza hufuatana sikuzote na maneno ya jamaa moja, mahali baada ya mahali, katika nyimbo za nchi mbalimbali, hapakuwa tena na njia ya kusema kwamba ni bahati au kulazimisha. Watu waliotengana kwa mamia ya maili na kwa vizazi vingi hawawezi kupatana kukosea kwa namna moja.

V. Gu Yanwu na vitabu njiani

Baada ya Chen Di, kazi iliendelezwa na Gu Yanwu wa Kunshan, aliyezaliwa 1613 na kufa 1682. Maisha yake yalikuwa ya huzuni. Mwaka 1644 enzi ya Ming ilianguka katika Beijing, na mwaka uliofuata majeshi ya Wamanchu yalifika nchi yake. Mama aliyemlea alijinyima chakula hata akafa, akamwachia mwanawe wosia asiwatumikie watawala wapya. Gu Yanwu aliushika wosia huo maisha yake yote. Tangu 1657 alisafiri katika nchi za kaskazini, wanyama wake wakichukua vitabu. Alipofika mahali aliwauliza wazee wa mahali pale, na walipotofautiana na alivyosoma, alifungua vitabu na kulinganisha.

Katika safari hizo alichukua daima maandishi yake juu ya sauti za kale. Asema kwamba aliyashughulikia zaidi ya miaka 30, akayabadili mara tano, na kuyanakili kwa mkono wake mwenyewe mara tatu. Yalianza kupigwa chapa mwaka 1667 kwa jina la Vitabu Vitano vya Elimu ya Sauti. Chen Di alikuwa amechunguza neno moja moja. Gu Yanwu aliyakusanya maneno yote katika jamaa za vina, akapata jamaa 10. Hivyo kwa mara ya kwanza lugha ya kale ilionekana kuwa na mpango wake yenyewe, usio mpango wa lugha ya leo.

Hata hivyo imetupasa kutaja kosa lake. Gu Yanwu alitumaini kwamba siku moja atatokea mtu mtakatifu atakayerudisha usemi wa watu katika sauti za kale. Aliona kugeuka kwa sauti kuwa kuharibika, kama kuanguka kwa ufalme alioupenda. Mtaalamu aliyemfuata, Jiang Yong, aliyeishi tangu 1681 hata 1762, hakukubali. Alionyesha kwa mfano wa vyombo ya kuwa watu wakiisha kupata vyombo vipya vya kulia na kunywea, havirudishwi tena vile vya kale mezani. Lugha ya kale ni ya kujulikana, si ya kulazimishwa kwa walio hai. Jiang Yong aliongeza hesabu ya jamaa za vina, zikawa 13.

VI. Swali la Duan Yucai

Wa tatu katika mlolongo huu ni Duan Yucai, aliyezaliwa 1735 na kufa 1815. Kwa elimu alikuwa kama mjukuu wa Jiang Yong, kwa maana mwalimu wake Dai Zhen alikuwa amefundishwa na Jiang Yong. Jina lake linajulikana hasa kwa maelezo yake makubwa ya kamusi ya kale iliyotungwa na Xu Shen karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, yenye alama 9,353. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika kupigwa chapa katika mwaka wa kufa kwake.

Duan Yucai aliona jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya wote, wala hakuna aliyelitumia kikamilifu kabla yake. Tulisema kwamba alama nyingi zina kipande cha sauti. Naye akatambua kwamba alama zote zenye kipande kimoja cha sauti zilikuwa, hapo kale, katika jamaa moja ya vina. Kwa hiyo hata neno lisilotokea katika kina chochote cha mashairi laweza kurudishwa kwa jamaa yake kwa kutazama umbo lake tu. Ushahidi wa mashairi na ushahidi wa mwandiko ukashuhudiana. Kwa njia hiyo akahesabu jamaa 17, na baada yake Wang Niansun na Jiang Yougao, kila mmoja kwa kazi yake, walifika 21.

Katika jamaa hizo 17 mna tatu ambazo Duan Yucai alizitenga kwanza. Kila moja imepewa jina la neno moja lililo ndani yake, na majina hayo matatu kwa usemi wa Beijing yanatamkwa sawasawa kabisa: zhi, zhi, na zhi. Hata toni ni moja. Lakini watunzi wa kale hawakuyachanganya. Duan Yucai alionyesha kwamba katika vina vya Shijing jamaa hizo tatu zinakaa mbalimbali, kama watu wa kabila tatu wasiooana.

Basi walikuwa watatu. Lakini kwa sauti gani? Hapo ndipo elimu yake ilipogota. Alijua ya kuwa ni mbalimbali, hakujua walivyotofautiana kinywani. Hakuwa na herufi za kuandikia sauti. Alikuwa na alama tu, na kila alama aliyoichukua ili kueleza nyingine ilikuwa yenyewe imegeuka. Alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 alimwandikia Jiang Yougao, mtu aliyekuwa kijana kwake, akamwuliza kama yeye ajua sababu ya jamaa hizo kuwa tatu. Alisema kwamba amezeeka, na kwamba akipata kusikia jawabu kabla ya kufa, itakuwa heri kubwa kwake. Hakulipata. Twaiona barua hiyo kuwa ya heshima sana. Mtu aliyekuwa mkuu wa elimu hii katika nchi yote hakuona haya kumwuliza mdogo wake, wala hakuficha mahali ujuzi wake ulipokoma.

VII. Kamusi za wamisionari

Wakati ule ule wageni kutoka Ulaya walikuwa wameanza kujifunza Kichina kwa haja nyingine. Robert Morrison alifika Guangzhou mwaka 1807, na kamusi yake kubwa ilichapishwa kati ya 1815 na 1823. Baada yake alikuja James Legge, Mskochi wa Huntly, aliyefika Hong Kong mwaka 1843 na kuanza mwaka 1861 kuchapisha tafsiri ya vitabu vikuu vya Wachina. Legge aliamini kwamba mhubiri asiyejua mawazo ambayo watu wamelishwa tangu utoto hawezi kusema nao. Mwaka 1862 alijiwa na mkimbizi mmoja msomi, Wang Tao, naye akawa msaidizi wake. Legge alipokuwa kwao Scotland, Wang Tao alimfuata huko, wakafanya kazi pamoja hata 1870. Tafsiri ya Shijing ilitoka mwaka 1871, na mwaka 1876 Legge akawa profesa wa kwanza wa Kichina katika Oxford. Hatuwezi kulitaja jina la Legge bila jina la Wang Tao, na Legge mwenyewe alimshukuru kwa maandishi.

Lakini kwa habari ya vina, faida iliyotoka kwa wamisionari ilikuwa hasa katika kazi zilizoonekana kuwa ndogo. Katika miji ya pwani ya kusini waliandika usemi wa watu wa kawaida kwa herufi za Kirumi, kusudi watu wapate kusoma Injili. Carstairs Douglas alitoa kamusi ya usemi wa Xiamen mwaka 1873. Kamusi kama hizo zilionyesha kwamba semi za kusini zimehifadhi mambo ambayo Beijing imeyapoteza. Tulitaja vina vya shairi la kwanza, de, fu na ce. Kwa usemi wa Guangzhou maneno hayo ni dak, fuk na jak. Tazameni: yote matatu yanaishia k. Ndugu watatu waliopoteana Beijing wanaonekana Guangzhou bado wamevaa nguo za baba mmoja.

VIII. Mswidi na kitabu cha mwaka 601

Aliyezishika nyuzi zote mkononi alikuwa Bernhard Karlgren wa Uswidi, aliyezaliwa Jönköping mwaka 1889. Alipokuwa kijana alikusanya maneno ya lahaja za wakulima wa kwao, na katika chuo cha Uppsala alijifunza namna ya kuandika sauti za lahaja kwa usahihi. Mwaka 1910 alikwenda Uchina, akakaa hata 1912, akaziandika lahaja zaidi ya 20. Utafiti wake mkubwa ulitoka sehemu sehemu tangu 1915 hata 1926.

Msingi wake ulikuwa kitabu cha Wachina wenyewe kiitwacho Qieyun, cha mwaka 601. Mtungaji wake, Lu Fayan, asimulia kwamba miaka ishirini hivi kabla yake marafiki wanane walikusanyika nyumbani kwao. Walipokwisha kunywa, usiku ukiwa umeendelea, walizungumza jinsi semi za kaskazini na za kusini zinavyotofautiana, na kamusi za vina zinavyogongana. Mmoja wao akasema kwamba hawa waliopo wanatosha kuamua, basi na yaandikwe. Lu Fayan akaandika chini ya taa, na kwa maandishi hayo akatunga kitabu chake. Matamshi ya kila neno yanaelezwa kwa maneno mawili: la kwanza latoa mwanzo wa sauti, la pili latoa mwisho wake na toni. Kitabu hicho kilitumiwa na watunzi wa enzi ya Tang, enzi ya Li Bai na Du Fu. Nakala ya kwanza imepotea, lakini kilipanuliwa mwaka 1008 kikawa na jamaa 206 za vina, na mwaka 1947 nakala ya enzi ya Tang iliyo karibu kamili ilionekana Beijing.

Wataalamu wa Uchina walikijua kitabu hiki vizuri kuliko mgeni yeyote. Karlgren alichofanya ni kuweka kando yake lahaja zilizo hai, na kamusi za waliomtangulia, na maneno ya Kichina yaliyoazimwa zamani na Wajapani, Wakorea na watu wa Vietnam. Kwa mfano jina la Buddha. Beijing wasema fo, lakini Wajapani, walioliazima zamani, wasema butsu. Jina lenyewe latoka Bara Hindi, nalo laanza kwa b. Basi Wachina wa zamani walilitamka kwa b. Qian Daxin, mtaalamu wa karne ya 18, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa vitabu peke yake kwamba sauti ya f haikuwako katika lugha ya kale, na sasa Wajapani wakatoa ushahidi. Kitabu cha Karlgren kilifasiriwa kwa Kichina na wataalamu watatu, Zhao Yuanren, Luo Changpei na Li Fanggui, nao walisahihisha makosa yake walipoyaona. Tafsiri yao ilitoka mwaka 1940, wakati wa vita.

IX. Jawabu

Kutoka sauti za mwaka 601 wataalamu walirudi nyuma tena, wakichukua jamaa za vina za Gu Yanwu na Duan Yucai, hata wakafika karibu na sauti za Shijing. Kazi hiyo haijaisha. William Baxter alizipima jamaa za vina kwa hesabu mwaka 1992, akaona kwamba nyingine zapasa kugawanyika tena. Mwaka 2014 yeye na Laurent Sagart walitoa mpango mpya wa lugha yote ya kale. Tena mwaka 2019 vilichapishwa vibanzi vya mianzi vilivyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Anhui, vyenye mashairi zaidi ya 50 ya kitabu hicho, yaliyoandikwa kabla ya moto wa mwaka 213. Mara nyingi maneno yake yameandikwa kwa alama nyingine kuliko zile tuzijuazo, na kila alama ya namna hiyo ni shahidi mpya wa sauti.

Na swali la Duan Yucai? Leo laweza kujibiwa. Katika mpango uliokubaliwa na wengi, jamaa moja ya zile tatu ilikuwa na vokali e. Ya pili ilikuwa na i yenye kifungo nyuma yake. Na ya tatu ilikuwa na vokali ya katikati ya kinywa, ambayo Kiswahili hakina. Zilikuwa vokali tatu mbalimbali, nazo baadaye zikasogeleana hata zikawa moja. Neno cai na neno you wa shairi la kwanza yote mawili ni ya jamaa hiyo ya tatu. Mtunzi hakukosa. Mzee alikuwa amehesabu sawasawa, ijapokuwa hakuweza kusikia alichokihesabu.

Katika habari hizi twaona mambo mawili yanayotuhusu sisi tushikao kalamu. La kwanza, Zhu Xi hakuwa mjinga. Alikosa kwa sababu aliisadiki sauti ya kinywa chake kuliko ushahidi wa mtunzi. Nasi tukinakili maneno ya wazee, imetupasa kuandika kwanza kama walivyosema, na kuweka mashaka yetu pembeni, yasiingie ndani ya ubeti. Mstari unaoonekana kuwa na kosa ndio wenye habari ambayo mingine haina. Tukiusahihisha tumeiua habari hiyo, na atakayekuja baada yetu hatajua hata kwamba ilikuwako.

La pili, usemi wa kijiji si uharibifu wa usemi wa mji. Guangzhou ilikuwa imeshika mwisho wa neno ambao Beijing iliutupa. Hakuna ajuaye leo ni lahaja gani ya kwetu iliyoshika lile ambalo kesho litaulizwa. Kwa hiyo mwalimu aliyepelekwa mahali pa mbali, penye usemi ambao wenziwe wanaucheka, asihuzunike. Na aandike maneno yale kwa uangalifu, pamoja na jina la mahali na tarehe. Chen Di alihitaji maneno mia kadhaa tu, lakini alihitaji kwamba kila moja liwe limeachwa mahali pake.

Duan Yucai alikufa bila kujibiwa. Lakini aliliacha swali lake limeandikwa wazi, pamoja na ushahidi wote, kwa hiyo watu wa nchi nyingine na wa karne nyingine waliweza kulichukua pale alipoliacha.